Yungiyungi la Mzee Saidi na Taa Niliyoipunguza

Kijana, kabla hujachana boksi la hiyo taa uliyonunua, kaa kwanza hapo. Nina maneno nawe, na mengine hutayapenda.

Nyie wa siku hizi mnanipigia simu mkiwa mmeshanunua. "Mzee Lauri shikamoo, nimechukua taa ya wati kumi na nane, itafaa?" Marahaba. Itafaa nini? Tangi lako lina kina gani? Umepanda nini humo ndani? Dirisha liko upande upi? Kimya. Halafu mtu ananiambia, "Ila mzee, inawaka hatari, tena ina rangi ya buluu." Ya buluu! Unafungua saluni au unapanda majani? Samaki anaweza kuishi kwenye mwanga wa disko, hana neno. Jani hapana. Jani linakula mwanga kama wewe unavyokula ugali, na ukilinyima linakufa polepole huku wewe unapiga nalo picha.

Mie ni Laurenti, mtu wa Songea. Nilikuja Dar nikiwa na nywele, nikaangukia kazi ya matangi ya samaki: kuyaunda, kuyasafisha, kupanda mimea hai ndani yake. Nimeinama kwenye sebule za watu kuanzia Boko mpaka Mtoni, hadi kiuno kikasema basi. Sasa niko nyumbani, natafutwa kwa ushauri tu, na ushauri wangu mkubwa unatokana na jambo moja la aibu. Nimelikalia kimya muda mrefu. Leo nalisema.

Kwanza mjue aliyenifundisha. Mzee Kondo, Mzaramo mmoja aliyekuwa na karakana ya vioo Temeke, mkali, mchana kutwa anafoka na penseli iko sikioni. Yeye hakuwa na kipimo cha mwanga wala hakukisikia. Alikuwa na sahani nyeupe ya bati, ile ya kulia wali shuleni. Ukimletea taa anaizamisha sahani mpaka chini kabisa ya tangi, anawasha, halafu ananyoosha kiganja juu ya maji. Kivuli cha vidole kikikaa kwenye sahani kimechorwa vizuri, mwanga unafika kule mizizi iliko. Kivuli kikiwa kama moshi, mwanga umeishia njiani, hata kama wewe uliyesimama unaona tangi linang'aa. Maji yanakula mwanga, jamani. Tangi la kina cha mkono mzima si sawa na karai. Ndiyo maana wati za kwenye boksi hazikwambii kitu mpaka ujue maji ni marefu kiasi gani na taa imening'inia wapi.

Na neno lake lilikuwa moja, asubuhi na jioni. "Taa usiiulize kitu. Uliza jani."

Nilimwelewa? Sikumwelewa. Kazi yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa Boko, kwa mwalimu mmoja. Nikaona dirisha kubwa linaloangalia magharibi, nikasema hapahapa, jua la bure, taa ya nini. Wiki mbili hazikuisha, maji yakawa mchuzi wa mlenda. Samaki huwaoni. Mzee Kondo akaja kutazama, akazunguka tangi mara mbili, akasema, "Umemchimbia mwalimu bwawa la vyura." Mwalimu akacheka. Mie sikucheka. Tangu siku hiyo nikawa naogopa mwanga mwingi kuliko ninavyoogopa mamba. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mie nilishtuka vibaya, tena mahali pasipostahili.

Mahali penyewe ni Mtoni, kwa Mzee Saidi.

Mzee Saidi alikuwa karani mstaafu, mtu wa upande wa Lindi, mpole mpaka unamwonea huruma. Alinipa kazi ya kumuundia tangi kwa sababu ya kiazi kimoja. Alikitoa kwao kijijini ndani ya chupa ya maji ya kunywa, kiazi cha yungiyungi, lile la maua ya samawati linaloota mabwawani. Alipokwenda tena kwao miaka kadhaa baadaye akakuta bwawa limefukiwa, pamepimwa viwanja. Akauliza huku na huku, kila bwawa la jirani limekauka au limefukiwa. Akarudi akaniambia, "Fundi, sasa hilo ndilo lililobaki. Tunatazamana nalo."

Yungiyungi si mmea wa mchezo. Kuna mimea ya giza, yale majani magumu yanayoshikilia jiwe, na ule ukoka wa majini. Hiyo hata taa ya chumbani inaitosha. Yungiyungi limezaliwa chini ya jua la mchana. Ukilipa mwanga wa kubahatisha linatoa majani membamba, halafu linaacha. Basi nikamfungia Mzee Saidi taa nyeupe ya nguvu, ile nyeupe ya mchana, nikaining'iniza mwenyewe juu kidogo ya maji, nikaweka saa ya soketi iwashe na kuzima yenyewe, saa nane kwa siku. Mzee alipougua akaomba tangi lihamishiwe chumbani, mbele ya kitanda, alitazame akiwa amelala. Tulilibeba watu wanne. Nilipomaliza kulijaza maji, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Litachanua, Lauri?" Nikamwambia, "Litachanua, mzee. Utaliona." Nilisema tu. Unamwambia mgonjwa nini?

Hakuliona. Tulimzika, na mkewe akaingia eda.

Kwa wasiojua, kama nilivyokuwa sijui mie Mkristo wa bara: mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume anakaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki ovyo, hajipambi, na mwanamume asiye ndugu yake wa karibu haendi kukaa naye. Tangi liko wapi? Chumbani, mbele ya kitanda. Mjane yuko wapi? Chumbani. Basi fundi nimebaki nje ya mlango, na mlangoni yuko Bi. Somoe.

Bi. Somoe ni dada wa marehemu. Alikuja kumsimamia wifi yake, na alisimamia kwelikweli. Mwanamke mrefu, sauti ya kuamrisha, tasbihi haimtoki mkononi. Mie na umri wangu nikimwona nilikuwaga natafuta vifungo vya shati kama vyote vimefungwa.

Mwezi wa pili wa eda, Zuhura akanipigia. Zuhura ndiye binti wa pekee wa nyumba ile, anafundisha watoto wa chekechea. "Mzee Lauri, yungiyungi la baba linaumwa. Majani mawili yameoza. Mama hasemi kitu, ila anahesabu. Kila asubuhi anahesabu majani."

"Yamebaki mangapi?"

"Manne."

Nikasema nitumie picha. Akatuma. Hapo, kijana, fungua masikio. Picha ilikuwa inang'aa vizuri. Maji meupe, majani yanameremeta, na juu ya jani moja kuna utando mbaya. Nikaona utando, nikaona mng'ao, nikamkumbuka mwalimu wa Boko na mlenda wake. Sikukaa chini. Sikuvaa hata miwani. Nikampigia palepale. "Taa imezidi. Saa nane ni nyingi, chumba kimefungwa, hewa nzito. Punguzeni mpaka saa nne. Ikiwezekana muipumzishe kabisa siku mbili tatu."

Zuhura akauliza, "Tupunguze taa, mzee? Una hakika?"

"Mie ndiye fundi au wewe?"

Hilo neno nilimwambia kwa mdomo wangu huu.

Wiki ikapita. Simu. "Limedondoka lingine. Yamebaki matatu. Mama jana hakula." Nikasema njaa hiyo, wekeni kidonge cha mbolea kwenye mizizi. Wakaweka. Jani lisilo na mwanga halili mbolea, kwa hiyo mbolea ikabaki majini ikachafua, samaki wakaanza kupanda juu kutafuta hewa. Simu tena, sasa Zuhura analia waziwazi. "Yamebaki mawili, baba. Mama hali. Tangu jana anakunywa chai tu, tena nusu kikombe. Anasema, baba yako aliniachia kitu kimoja nikiangalie, nimeshindwa. Nimwambieje? Mwaka huu nimemzika baba. Sitaki kumzika na mama."

Nilikata simu nikakaa kitandani. Nikachukua miwani, nikafungua zile picha tatu, maana kila alipopiga alituma na picha, moja baada ya nyingine, nikaacha kutazama taa. Nikatazama jani.

Vikonyo vilikuwa virefu na vyembamba, kama jani linanyoosha shingo. Sawa, jani linatafuta mwanga. Lakini taa iko juu, si ndiyo? Mbona majani yote mawili yameinama ubavuni, upande wa kushoto? Kushoto kuna nini? Kuna dirisha. Nikarudi kwenye picha ya kwanza. Ule utando haukuwa wa kijani, ulikuwa wa kahawia. Wa kijani mara nyingi huja na mwanga mwingi. Wa kahawia huja na mwanga mchache. Hilo nalijua tangu ujana wangu, mtoto mdogo wa Mzee Kondo anaweza kukwambia! Na katikati ya kioo, kwenye picha zote tatu, kulikuwa na kidoa cheupe kinachochoma macho. Flashi ya simu. Mng'ao wote ule nilioulaumu ulikuwa wa simu. Na pembeni ya picha, juu, umeonekana upindo wa kanga.

Jani lilikuwa limeniambia kila kitu tangu siku ya kwanza. Mie nikawa nauliza picha.

Sikumaliza kufunga viatu. Nilipanda bodaboda mpaka Mtoni, nikafika saa tisa mchana jua linawaka, nikapiga hodi. Bi. Somoe akatoka.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Karibu, lakini mwisho wako hapo ukumbini."

"Nimekuja kwa ajili ya tangi."

"Tangi halijamwita mtu."

"Naomba kuuliza kitu kimoja tu. Taa inawaka saa ngapi kwa siku?"

"Haiwaki," alisema, kavu kabisa. "Nimeizima mwenyewe, siku ya tatu ya msiba. Kaka yangu yuko kaburini, chumba cha mjane kinawaka kama ukumbi wa harusi? Watu wanaokuja kutoa pole watatuonaje?"

"Na kanga?"

"Kile kioo cha tangi kilikuwa kinamwonyesha wifi sura yake kitandani alipo. Mwenye eda hajitazami kwenye kioo. Nimekifunika. Kuna lingine?"

Nikateleza ulimi. "Lakini bi mkubwa, hivyo ndivyo dini inavyosema?"

Ee! Alinitazama toka kidole cha mguu mpaka upara. "Laurenti. Unaniuliza mie dini?"

"Hapana, hapana, nisamehe."

Zuhura akatoka jikoni, macho mekundu. Akasema haraka haraka, kama mtu anayetema kitu, "Shangazi, nisamehe na mie. Nilikuwa naiwasha. Ukiswali adhuhuri, ukilala mchana, ukienda kwa jirani. Nafunua kanga, nawasha, nazima kabla hujarudi. Kama saa tatu hivi kila siku. Baba Lauri aliposema taa imezidi tuipunguze, nikaona basi, hata fundi kasema. Nikaacha kabisa."

Unaelewa alichosema? Yungiyungi lilikuwa linaishi kwa zile saa tatu za wizi. Mie ndiye niliyelinyang'anya. Bi. Somoe alizima taa kwa kutojua, na anajua nini kuhusu majani? Mie niliizima nikiwa fundi.

Bi. Somoe sasa kapandwa na hasira. "Kumbe umo humu ndani unanizunguka, Zuhura? Na wewe fundi, sikia. Taa haiwashwi mpaka eda iishe. Yatabaki majani, yatabaki. Hayatabaki, ni mpango wa Mungu." Zilikuwa zimebaki siku hamsini na kitu. Majani mawili hayafiki siku hamsini.

Nilijua nikibishana nimekwisha. Nikatazama chini nikitafuta neno, nikaiona simu ya Zuhura mkononi mwake, imezimika. Hapo Mungu akanisaidia.

"Bi mkubwa, naomba uishike hiyo simu. Itazame. Unaona nini?"

"Naona simu."

"Tazama vizuri."

Akatazama. Nikaona mkono wake umepanda wenyewe kuweka sawa mtandio kichwani. "Najiona," akasema.

"Zuhura, washa kioo cha simu. Haya, bi mkubwa, sasa?"

"Naona picha ya kaka yangu," akasema polepole. Zuhura alikuwa ameiweka picha ya baba yake.

"Sura yako iko wapi?"

Akaizima simu, akajiona. Akaiwasha, akapotea. Akaizima tena. Nikamwambia kwa heshima yote niliyonayo, "Kioo cha tangi ni hivyohivyo, mama. Ndani kukiwa na giza, kinarudisha sura ya aliye nje. Ndani kukiwa na taa, unaona majani na samaki, sura huioni. Taa ilipozimwa ndipo kioo kilipozaliwa. Ulikuwa unataka asijitazame. Basi taa ndiyo inayokusaidia."

Halafu nyuma ya pazia la chumba ikatoka sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mazishi. Sauti ya Mama Zuhura, imekauka.

"Wifi. Fundi anasema kweli. Baba Zuhura akiwa hai, nikilala pale nilikuwa naona samaki wake. Taa ilipozimwa nikaanza kujiona mie, na nyuma yangu upande wa kitanda usio na mtu. Nilifurahi ulipokifunika. Lakini sikukwambia kwa nini."

Bi. Somoe akaketi kwenye kiti cha plastiki. Tasbihi ilisimama mkononi. Akasema bila kunitazama, "Zuhura, toa hiyo kanga. Washa."

Usidhani kazi iliisha hapo. Taa haifufui kilichooza. Kiazi chenyewe kikiwa kimeoza, hata uning'inize jua lenyewe ni kazi bure. Lazima kishikwe, na mie siingii. Nikazunguka uani nikasimama chini ya dirisha la chumba, nimelipa mgongo, Bi. Somoe amesimama kando yangu kama askari. Nikasema kwa sauti, "Zuhura, pandisha mikono ya nguo, ingiza mkono taratibu."

Ikajibu sauti ya mama yake. "Zuhura atoe mkono wake. Nitashika mwenyewe."

"Sawa, mama. Fuata kikonyo mpaka chini kwenye mchanga. Usivute. Chimbua kwa vidole pembeni. Umekipata?"

Maji yanasikika. "Nimekipata."

"Kitoe nje. Kinanukaje?"

"Vibaya. Vibaya sana, fundi."

Nilifumba macho. "Kibonyeze. Kigumu au laini?"

"Laini. Huku laini. Huku pia laini, kinabonyea." Nilisubiri. Bi. Somoe pembeni yangu midomo inacheza, anaomba dua. Nilisubiri mpaka jasho likaingia machoni na sikuthubutu kulifuta. Nikawaza, litachanua mzee, utaliona. Mdomo wangu huu.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Katikati kuna sehemu haibonyei. Ndogo. Kama kokwa ya tende."

"Alhamdulillah," akasema Bi. Somoe, na mie nikasema hivyohivyo bila kufikiri.

Basi tukafanya kazi. Akakata kilichooza chote kwa wembe mpya mpaka ikabaki ile kokwa nyeupe. Nikawaambia wabadilishe theluthi ya maji, watoe vile vidonge vya mbolea, wafute kioo cha juu kinachofunika tangi, maana kilikuwa na vumbi na chumvi ya maji, na vumbi hilo linakula mwanga kabla haujaingia. Halafu Bi. Somoe akampitishia Zuhura dirishani sahani nyeupe aizamishe, maana nilikuja nayo kwenye mfuko, ileile ya Mzee Kondo, aliniachia. "Nyoosha kiganja juu ya maji, mama. Kivuli kikoje?"

"Hakina vidole. Kama moshi."

Chini kabisa kulikuwa mbali mno kwa kitu kidogo kiasi kile. Kijana wa siku hizi angekimbilia dukani kutafuta taa kubwa zaidi. Hapana. Kama mwanga haufiki kwa mmea, mpandishe mmea uufuate mwanga. Wakapindua chungu cha udongo ndani ya tangi, juu yake wakaweka kopo la mchanga, kokwa ikapandwa humo. Sahani ikawekwa juu ya chungu, kando ya kopo.

"Sasa?"

"Naviona," akasema Mama Zuhura. "Vitano vyote."

Nikasema saa sita kwa siku kwanza, kisha saba, kisha nane, maana mgonjwa hapewi pilau siku ya kwanza. Na nikamkataza Zuhura kunitumia picha. Nilimwambia mama yako atazame kwa macho, akwambie, uniambie. Wiki ya kwanza: hakuna kitu. Ya pili: hakuna kitu. Nilikuwa nikisikia simu inaita naogopa kuipokea. Nilimuuliza, mama anakula? Akasema, anakula kidogo, anakaa mbele ya tangi na sahani yake ya chakula. Wiki ya tatu Zuhura akapiga alfajiri, nikajua tu. "Mama anasema kuna ncha nyekundu, imesimama wima. Haijainama upande wowote."

Imesimama wima. Nilikwenda bafuni nikanawa uso muda mrefu.

Siku ya pili baada ya kutoka eda waliniita. Nikaingia chumba kile kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mama Zuhura amekonda, ila amevaa kanga mpya na macho yana mtu ndani. Yungiyungi lilikuwa na majani matatu madogo, rangi ya damu ya mzee. Bi. Somoe akainama mbele ya tangi lililowashwa, akageuza kichwa huku na huku, akashika mtandio. "Kweli," akasema, "sijioni hata kidogo." Zuhura akacheka mpaka akakaa chini.

Nikaona nikiondoka bila kusema nitakuwa mwizi. Nikasema, "Mama Zuhura, mie ndiye niliyesema mpunguze taa. Zilikuwa zimebaki saa tatu, nikaziua. Nilimfokea na mtoto."

"Najua," akasema. "Zuhura aliniambia siku ileile."

"Na hukuniambia neno? Siku ile ya dirishani ungeweza kunisema mbele ya watu wote."

"Ningekusema, fundi, ungeondoka na aibu yako ukaniachia kiazi mkononi. Mie nilikuwa nataka mtu wa kuniambia nikibonyeze wapi."

Niliomba kitambaa, nikafuta kioo cha juu ingawa kilikuwa safi.

Basi, hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Pima kina, tumia sahani, weka taa nyeupe, anza na saa chache, futa vumbi. Na unapokosea, kosea ukiwa karibu na jani, usikosee kwenye simu. Mwaka uliofuata nilikuwa nimeshastaafu, nimekaa kibarazani na kiuno changu, simu ikaita saa tatu asubuhi. Zuhura anapiga kelele, simsikii vizuri. Anasema ua, baba, la samawati, la samawati, limepanda juu ya maji, mama analia na shangazi analia, nakutumia picha sasa hivi.

Nikamwambia picha usitume. Waambie wasizime taa, nakuja.